Nilivyobadilisha nozo za Hilux mara mbili

Mlima wa kupanda kwenda Newala ukitokea Masasi ndio uliofichua ugonjwa wa gari langu. Ilikuwa Novemba 2023, nami nilikuwa nimepakia mifuko 12 ya saruji ya kumalizia nyumba ya wakwe, shemeji yangu akiwa amekaa pembeni. Nilipoingiza gia ya pili na kukanyaga mafuta, nikaona kwenye kioo cha pembeni wingu jeusi limefunika barabara yote nyuma yetu, na kijana wa bodaboda aliyekuwa akitufuata amejiziba uso kwa kiwiko. Shemeji akageuka, akatazama, akasema kwa upole wa mtu anayemheshimu mume wa dada yake: "Shemeji, hili gari halijaanza leo."

Alisema kweli. Kwa muda wa miezi miwili hivi nilikuwa nimezoea kuliwasha gari asubuhi kwa kulibembeleza, likitoa kwanza moshi mweupe wenye kuwasha macho, injini ikitetemeka kana kwamba inatembelea mguu mmoja, hadi ipate joto ndipo itulie. Kutoka kwangu Mtwara mjini hadi Masasi ni kilomita 200 kasoro kidogo, na lita 20 zilikuwa zikinitosha bila wasiwasi; sasa zilikuwa zinakwenda 27. Nilikuwa nikijiambia kuwa ni uzee. Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1995 yenye injini ya 3L, silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, injini ambayo haina kompyuta yoyote: pampu inasukuma dizeli kwa nguvu kupitia vibomba vinne vya chuma, na kila kibomba kinaishia kwenye nozo moja, kifaa cha kunyunyizia dizeli, iliyofungwa kwa uzi juu ya silinda yake. Mtu aliyestaafu ualimu na mwenye mkoba mwembamba hupenda gari la namna hiyo kwa sababu kila kitu chake kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Nilichokuja kujifunza ni kwamba kuonekana si sawa na kutazamwa.

Desemba hiyo nilimpelekea gari kijana mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe, si mbali na nyumbani. Alisikiliza injini kwa dakika moja, akasema, "Mwalimu, hizi nozo zimekwisha, tena zote nne," na hapo alikuwa sahihi. Kosa lilianza baada ya hapo, na sina haki ya kumtwisha yeye peke yake, kwa maana kila hatua aliniuliza nami nikachagua ile ya bei ndogo. Nilinunua mwenyewe nozo nne dukani kwa shilingi 100,000, zikiwa ndani ya maboksi mazuri yenye maandishi ya kuvutia, wala sikulinganisha namba iliyochongwa ubavuni mwake na ile ya nozo za zamani. Aliponiuliza kama tununue na washa mpya, zile pete nyembamba za kukalia nozo, nikamwambia azisafishe zile zile. Hapakuwa na mashine ya kupimia, kwa hiyo nozo zilitoka kwenye boksi zikaingia moja kwa moja kwenye injini. Kazi yote ilichukua asubuhi moja, na kabla ya adhuhuri gari lilikuwa linaunguruma vizuri nami nikamlipa kwa furaha.

Furaha ile ilidumu kama wiki sita. Mwezi wa pili mwaka 2024 nikaanza kusikia mlio mdogo wa "chuf, chuf" kutoka juu ya injini, kama mtu anayepumua kwa pua iliyoziba, na nilipofungua boneti nikakuta shina la nozo ya pili na ya tatu limezungukwa na masizi mabichi. Washa iliyokwisha kuminywa mara moja haiwezi kuziba tena sawasawa. Hewa moto ya mgandamizo ilikuwa inapenya pembeni mwake na kupuliza masizi nje, na kumbe nozo isiyokaa vizuri kwenye kiti chake hushindwa pia kupoza ncha yake, ikaungua. Moshi mweusi ulirudi. Kijana akaniambia dawa yake ni ndogo, akalegeza skrubu moja nyuma ya pampu, ile inayoongoza kiasi cha dizeli, na kweli moshi ukapungua. Nguvu ya gari nayo ikapungua. Tangu siku hiyo, gari ambalo lilikuwa linapanda mlima wa Mikindani kwa gia ya nne likawa linaomba ya tatu.

Mzee niliyempata baadaye, ambaye huko kwetu watu wa aina yake huitwa fundi pampu kwa kuwa hawashiki kitu kingine isipokuwa pampu na nozo, aliitazama ile skrubu kabla ya kitu kingine chochote. Kiwandani huwa imefungwa kwa waya mwembamba wenye lakiri, na lakiri ile ilikuwa imevunjwa. Hakukasirika. Alisema tu, "Mzee mwenzangu, mgonjwa wako alikuwa anakohoa, wakamziba mdomo." Kisha akaniomba nikae kwenye benchi nimwache afanye kazi kwa utaratibu wake, jambo ambalo kwa mwalimu wa zamani ni gumu kuliko linavyosikika.

Alianza na vitu vya bure. Alifungua chujio la hewa akalipiga piga, akakagua hita plagi nne, zile za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha, kwa taa ya betri, akaniuliza nimebadilisha lini chujio la dizeli, nikajiumauma. Ndipo akawasha injini, akaiacha kwenye sailensa, yaani ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, akachukua spana akalegeza nati ya kibomba juu ya nozo ya kwanza. Dizeli ikavuja pale kwenye nati, badala ya kwenda kwenye silinda, na injini ikaanza kuyumba vibaya: maana yake silinda ile ilikuwa inafanya kazi, na kuikosa kwake kunasikika. Akakaza, akahamia ya pili. Injini ikayumba kidogo. Alipofika ya tatu, alilegeza nati mpaka dizeli ikamwagika, na injini haikubadilika hata chembe. Silinda ya tatu ilikuwa inabebwa na wenzake watatu. Ya nne ikayumbisha injini kama ya kwanza.

Mimi nilikwisha kuridhika kwamba tumempata mwizi. Yeye hakuridhika. Alieleza kwamba jaribio lile linaonyesha silinda isiyofanya kazi, lakini halisemi kama kosa ni la nozo, au la vali, au la pistoni. Kwa hiyo alifungua nozo ya tatu na ya kwanza, akaziingiza kwa kubadilishana nafasi, kila moja na washa mpya aliyokuwa nayo kwenye kopo, akarudia jaribio lile lile. Safari hii silinda iliyokuwa haina habari ni ya kwanza. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na nozo, na silinda ya tatu, ambayo nilikuwa nimeanza kuihesabia gharama za kufungua injini nzima, ikapona pale pale. Ningepewa nafasi ya kurudi darasani, nisingepata mfano bora wa kufundishia wanafunzi namna ya kutenganisha sababu mbili zinazoleta dalili moja.

Baada ya hapo akazitoa zote nne akazipeleka kwenye mashine ya kupimia. Ni chombo kisicho na makuu: mkono mrefu wa chuma wa kusukuma, kikombe cha dizeli safi, saa ya kuonyesha shinikizo, na kibomba kifupi cha kufungia nozo ikiwa imeelekea chini kwenye chupa ya kioo. Alifunga nozo ya kwanza, akasukuma mkono taratibu, sindano ya saa ikapanda, na ilipopita baa 100 nozo ikapiga ukelele mfupi wa kukwaruza huku ikitoa ukungu mwembamba wenye umbo la pia, mweupe, uliosambaa sawasawa na kukatika ghafla bila kuacha tone. "Hiyo bado ina uhai," akasema. Akafunga ya tatu. Sindano ya saa haikufika hata 70, hakukuwa na ukelele, na dizeli ilitoka kwa mstari mmoja mnene, imepinda upande, mfano wa mtoto mchanga anayekojoa, kisha likabaki tone linaning'inia kwenye ncha, likakua, likadondoka, likafuatwa na jingine.

Nilikaa nikilitazama lile tone kwa muda. Dizeli haiwaki ikiwa maji maji. Inawaka ikiwa ukungu ndani ya hewa iliyogandamizwa mpaka ikapata moto. Ule mstari mnene ulikuwa unagonga ukuta wa chumba cha mwako, unaungua nusu, na nusu yake inatoka nje ikiwa moshi mweusi, kama ule wa barabara ya Newala. Lile tone linalodondoka wakati usio wake ndilo lililokuwa linagonga asubuhi. Na lita kama zile saba zilizokuwa zinapotea kila safari ya Masasi, nilikuwa nazitazama hapo zikidondoka moja moja kwenye chupa.

Mwanafunzi wa fundi, mvulana wa miaka kama 17, alinyoosha kidole kuonyesha mahali ukungu ulipopinda. Mzee alimpiga kofi la mkono ambalo lilitushtua sote wawili. Dizeli inayotoka kwenye nozo kwa shinikizo lile hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake huonekana dogo kama la mwiba wakati mafuta yameshaingia ndani ya nyama; mtu anayepatwa na jambo hilo hatakiwi kusubiri kuona kama litavimba, anatakiwa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Tangu hapo mvulana alisimama mikono imefungwa nyuma.

Fundi akafungua ile nozo mbovu juu ya sinia lenye dizeli safi. Ndani kuna springi, vipande vyembamba vya chuma vya kurekebishia nguvu ya springi, ambapo kipande kinene zaidi huongeza shinikizo la kufungulia na chembamba hulipunguza, na chini kabisa kuna sindano inayoteleza ndani ya mwili wake. Sindano na mwili husagwa pamoja kiwandani, kwa hiyo havibadilishwi na vya nozo nyingine. Yeye aliviita mume na mke. Sindano nzima, ikiwa safi na imelowa dizeli, ukiivuta juu kidogo na kuiachia inapaswa kushuka yenyewe kwa uzito wake. Yangu haikushuka. Ilikuwa na mchubuko wa rangi ya kahawia kwenye shingo yake, na fundi aliposugua kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikabaki na alama ya kutu.

"Hii si ya kuchakaa," akasema. "Hii imekunywa maji."

Nilikuwa na jibu tayari, kwa kuwa kila mwenye gari la dizeli katika nchi hii analo: mafuta ya kuchakachua. Tunakumbuka sote miaka ile mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini sana kuliko dizeli, hadi Serikali ikapandisha ushuru wake mwaka 2011 ili kuchanganya kusilipe tena. Fundi alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza huwa ninajaza wapi. Hapo nikalazimika kueleza habari za pipa langu.

Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kila nilipohisi bei itapanda, nilikuwa ninajaza pipa la lita 200 siku moja kabla, nikaliweka nyuma ya nyumba, wima, chini ya mwembe, na ndani ya mwezi nikawa ninavuta kwa mpira kidogo kidogo. Nilijiona mjanja, ingawa sasa nakiri kwamba hata kwa usalama wa nyumba lile halikuwa jambo la kujivunia. Fundi aliniuliza swali moja tu: mvua ikinyesha, maji yanasimama juu ya mfuniko? Yanasimama, bila shaka. Pipa lina ukingo, na maji hukaa humo kama kwenye sahani. Akaeleza kwamba mchana jua likipiga, hewa ndani ya pipa hutanuka na kutoka kwa shida kupitia uzi wa kizibo, na usiku pipa likipoa, hunyonya. Ikiwa kizibo kimefunikwa na maji, hunyonya maji. Pipa langu lilikuwa linakunywa kila usiku wa masika, nami asubuhi ninavuta dizeli kwa mpira uliofika mpaka chini, mahali ambapo maji hujikusanya kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta.

Huenda tungeishia kwenye maneno iwapo vipuri vingefika kwa wakati. Mwanzoni mwa Mei niliagiza Dar es Salaam, eneo la Gerezani, nozo nne zenye namba sahihi pamoja na seti kamili ya washa, zije kwa basi. Wiki hiyo hiyo mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na Mtwara na Lindi zote zikawa kama kisiwa. Boksi langu lilikwama upande wa pili wa maji pamoja na mabasi na malori. Gari likiwa halina nozo na fundi akiwa hana la kufanya ila kusubiri, akasema tushushe tangi.

Kilichotoka humo sikukitegemea. Tulikimimina kwenye beseni la plastiki: juu dizeli, chini maji yenye rangi ya chai kama lita mbili hivi, na chini ya maji tope jekundu laini ambalo ukilisugua kati ya vidole linakwaruza. Chini ya chujio la dizeli kuna kikombe cha kukusanyia maji chenye koki ya kumwagia, na kwenye dashibodi kuna taa inayopaswa kuwaka kikombe kikijaa. Taa yangu haikuwahi kuwaka. Fundi akafuata waya, akakuta umekatwa na kufungwa kwa gundi ya plastiki, kwa ustadi mzuri tu. Nikakumbuka. Nilipolinunua gari mwaka 2012 taa ile ilikuwa inawaka muda wote, ikaniudhi, nikamwambia fundi wa wakati ule aizime.

Tangi lilisuuzwa kwa dizeli mara tatu, likakaushwa juani siku nzima. Chujio likabadilishwa, na mabomba ya kutoka tangini yakapulizwa. Nozo zile za bei nafuu za Desemba zilizotolewa kwenye injini, ambazo bado nilikuwa ninazilaumu, tulizipima tena zote kwa udadisi: mbili zilikuwa zinafunguka kwa shinikizo tofauti kabisa tangu utengenezaji wake, lakini zote nne zilikuwa na kutu. Hata zingekuwa za asili, zisingefika mwaka.

Boksi lilifika barabara ilipofunguka. Fundi hakuziamini hata hizo. Alipima kila moja, akairekebisha moja kwa kubadilisha kipande cha chini ya springi hadi zote zikafunguka kwa shinikizo lililokaribiana. Alisafisha viti vya nozo kwa kijiti cha mianzi na brashi ya shaba, kamwe si kwa msasa, akatoa washa za zamani kwa ndoano, kwa maana moja ikibaki chini na mpya ikawekwa juu yake, nozo inakaa juu kuliko inavyotakiwa na mlio wa "chuf" unarudi. Kisahani chembamba kinachokaa chini ya nozo kina upande wake wa juu na wa chini, naye alinionyesha kila kimoja kabla ya kukidondosha. Nozo alianza kuzizungusha kwa vidole mpaka zikagoma, ndipo akatumia soketi ya 27 na rinchi ya toki, spana inayopima nguvu ya kukaza, akikaza kiasi cha newtonimita 60 na ushei, huku akisema kwamba anayekaza kwa nguvu za mabega huminya mwili wa nozo hadi sindano ikabanwa ndani. Mwisho akairudisha ile skrubu ya pampu, akiisogeza robo kwa robo.

Kutoa upepo kwenye mabomba ya dizeli kulichukua dakika 20. Mvulana alisukuma pampu ya mkono juu ya chujio mpaka ikawa ngumu, nati nne za vibomba zikiwa zimelegezwa, mimi nikazungusha starta kwa vipindi vifupi ili betri isichoke, na dizeli ikaanza kutema pale juu, kwanza ikiwa na povu, kisha safi. Fundi akakaza moja baada ya nyingine. Alipokaza ya tatu injini ikaitika, ikamisi mara mbili, ikakaza sauti. Hakuna aliyezungumza mpaka alipoweka sarafu ya shilingi 200 juu ya kifuniko cha injini, ikatetemeka bila kudondoka.

Jumla yake, nozo, washa, chujio, kupima, tangi na ufundi, ilifika shilingi 410,000, ukiacha zile za Desemba. Safari ya Masasi imerudi kwenye lita 21. Pipa nimempa jirani akusanyie maji ya mvua, ambayo lilikuwa linayakusanya tayari. Waya wa taa umeunganishwa, na kila Jumamosi ninafungua koki ya chini ya chujio na kukinga kwenye chupa ya maji ya plastiki iliyo wazi, ninaiinua kwenye mwanga na kusubiri itulie. Juma lililopita kulikuwa na maji kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa hiyo, na kituo ninachojaza siku hizi ni kimoja tu, kwa hiyo kesho nitakwenda kumuuliza meneja wake, kwa adabu, mara ya mwisho walisafisha matangi yao lini.